Dar mpaka Matema kwa kupitia Kitulo: nilivyokwenda na baba, dereva wa malori mstaafu

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama siku tisa zinatosha kutoka Dar hadi Ziwa Nyasa na kurudi ukiwa na mke na watoto wawili, kama ule mzunguko wa Njombe na Makete, unaopitia uwanda wa maua wa Kitulo, una faida kuliko kunyoosha Mbeya, na kama gari yako ndogo, Toyota IST, itapita. La kwanza, zinatosha. La pili, una faida kubwa mno. La tatu nitalifikia taratibu, maana hapo kuna habari ya tope.

Mimi niliipita njia hiyo mwaka juzi, mwezi wa pili, na mwanangu wa miaka tisa kiti cha nyuma na baba yangu kushoto kwangu. Inabidi niwaambie kwanza huyo mzee ni nani, la sivyo hamtaelewa kwa nini naandika kirefu hivi. Baba aliendesha malori ya Dar–Zambia tangu miaka ya 1970 mpaka alipostaafu. Alianza utingo, akapewa usukani, akawa anapeleka mzigo Ndola na Kitwe na kurudi na shaba. Barabara ile anaijua kama nyumba yake. Lakini jioni moja tunakula, mjukuu wake akamuuliza, "Babu, Ziwa Nyasa likoje?" Akajibu kwamba hajawahi kuliona. Miaka yote hiyo alipita Uyole, pale njiapanda ya Tukuyu na Kyela, na hakuwahi kukata kushoto hata mara moja. Mzigo una siku zake, tajiri anasubiri. Usiku ule ule nikaanza kupanga likizo.

Siku ya kwanza lengeni Iringa, kama kilomita 500. Tokeni alfajiri ili foleni ya Kibaha iwakute mmeshapita. Mikumi barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi kwa kilomita kama 50, na mkibaki kwenye lami hamlipi kiingilio. Nendeni polepole, watoto watawaona twiga, pundamilia, na mkibahatika tembo. Kuna mabango yanayoonyesha faini ya kumgonga kila mnyama. Mwanangu aliyasoma kwa sauti yote, mmoja mmoja, na tangu hapo akawa ndiye mlinzi wa spidi yangu.

Kitonga ndipo nilipomwona baba yuko kazini tena. Ukishapita Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu na vitunguu vilivyopangwa kando ya barabara, joto limekukaba, mara mlima huo mbele yako. Malori yenye mzigo yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Moja lililokuwa mbele yetu, utingo wake alikuwa ameshuka, anatembea sambamba na tairi za nyuma, kigingi cha mti mkononi, tayari kukitupia chini ya tairi gari ikianza kurudi. Baba akazima redio, akashusha kioo, akasikiliza. "Hiyo gia haitamfikisha. Atashusha." Hazikupita sekunde kumi tukasikia dereva anashusha gia. Mzee akatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mama afariki. Mbele kidogo akanionyesha kona aliyolala siku tatu propela shafti imekatika, akiletewa ugali na watu wa kijiji cha juu. Mkuu, Kitonga usiovateki kwenye kona hata kama lori limekuchosha vipi. Kaa nyuma, acha nafasi, angalia korongo na mto kule chini.

Kabla ya kuingia Iringa simameni Lugalo, penye mnara wa kumbukumbu. Hapo ndipo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walipolifyeka jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski, naye akafia hapo. Baba ameupita mnara ule mara nyingi asizoweza kuzihesabu, na siku ile ndiyo alishuka kwa mara ya kwanza. Mkiwa na nusu siku ya ziada nendeni Kalenga, kwenye makumbusho lilipo fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Watoto wakubwa wataelewa, wadogo mtawaeleza njiani.

Iringa mpaka Njombe ni siku nyepesi. Makambako mnaiacha barabara ya Mbeya, mnakata kushoto, na baridi inaanza kuwashika masikio. Makoti yasiwe chini kabisa ya begi. Msimu wa mvua mtaona ulanzi unauzwa, unaogemwa kwenye mianzi. Ule wa asubuhi ni mtamu kama juisi, wa jioni si wa dereva. Parachichi jazeni kapu. Na jifunzeni kusema "kamwene", salamu itakayowafungulia milango Iringa, Njombe na Makete.

Kutoka Njombe tulilala Makete, halafu asubuhi tukapanda Kitulo. Barabara ile ya juu ni udongo, na usiku mvua ilikuwa imenyesha. RAV4 yetu ya zamani ilitembea vizuri mpaka kwenye kimteremko kimoja, ikateleza ubavu, ikazama tairi ya nyuma. Wakaja vijana wanne waliokuwa wanachimba viazi shambani, na majembe yao. Baba akasimama pembeni akiwaelekeza: chimba mbele ya tairi, si nyuma, weka mawe, tandika nyasi, sasa binti yangu ondoa polepole, usikanyage mafuta kwa hasira. Ikatoka mara ya pili. Mmoja akamwambia, "Mzee wewe ni dereva wa zamani." Nadhani hakuna sifa iliyomfurahisha zaidi mwaka ule.

Sasa Kitulo kwenyewe. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Ni uwanda ulio juu kama mita 2,600, hauna miti mingi, ni nyasi, upepo na ukungu, na kuanzia Desemba mpaka Aprili maua yanachanua kwa zamu, wiki hii meupe, wiki ijayo njano, zambarau, mekundu. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ina aina za mimea kama 350, kati yake okidi ni zaidi ya aina 40. Msitegemee simba. Hapa mnatembea kwa miguu, mnainama, mnapiga magoti. Malipo si ya fedha taslimu, basi shughulikieni namba ya malipo mapema kabla mtandao haujawasumbua.

Tulitembea na kijana mwongozaji. Akasimama kwenye kiokidi kidogo, akatuonyesha kwamba chini ya udongo kina kiazi, kinafanana na kidole cha mtoto. Akaeleza kuwa viazi hivyo vilikuwa vinachimbwa kwa magunia na kuvushwa mpaka Zambia, na hiyo ni sababu mojawapo ya uwanda huu kulindwa. Kule vinatwangwa, vinachanganywa na karanga za unga, pilipili na magadi, vinapikwa mpaka vinashikana kama mkate.

Baba akauliza, "Hiyo si chikanda?"

"Ndiyo hiyo hiyo, mzee."

Mzee akanyamaza. Halafu akatusimulia: pale Ndola walipokuwa wanaegesha malori kusubiri kupakia, kulikuwa na mama mmoja akipita na beseni, amekata chikanda vipande, ameifunika kwa kitambaa cheupe. Madereva wa Tanzania walikuwa wateja wake. Miaka yote alidhani ni maharage, au aina fulani ya unga wa huko. Akachuchumaa pale kwenye ukungu, koti limemzidi, akakigusa kile kiua kwa ncha ya kidole, taratibu sana. "Kwa hiyo nilikuwa nasafiri Ndola kwenda kula maua ya kwetu." Tukabaki pale muda mrefu. Mwongozaji naye hakutuharakisha.

Kwa ajili ya nusu saa ile tu, ningerudi kwenye lile tope kesho.

Tulilala Matamba, asubuhi tukashuka Chimala kwa ile barabara inayoitwa Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Ni kona za kujikunja haswa, unaona paa la gari iliyokutangulia chini ya miguu yako, na mbele bonde la Usangu limelala tambarare mpaka macho yanaishia. Baba alinipa sharti moja: breki niigusie tu, kazi yote aifanye injini. Kwa gari ya otomatiki maana yake weka gia kwenye 2 au L tangu juu, usisubiri unuse breki zinaungua. Mwanangu alihesabu kona 55, babu yake 58. Ubishi huo haujaisha hadi leo.

Hapo ndipo nakujibu habari ya IST. Kiangazi, kuanzia Juni hivi, ukienda kwa uangalifu na mtu wa kukuangalizia mawe, wapo wanaopita. Lakini kiangazi maua ni machache na usiku baridi ni ya kutetemeka. Msimu wa maua usiipandishe IST kule juu, chini itagusa na tope litakushinda. Fanya hivi: lala Njombe, rudi Makambako, nenda Chimala kwa lami, iache gari yako kwenye gesti yenye uzio, ukodi gari iliyo juu pamoja na dereva mwenyeji akupandishe Matamba na Kitulo kisha akushushe. Utapoteza Makete, lakini Kitulo na Hamsini na Saba utavipata vyote, tena macho yako yatakuwa kwenye mandhari badala ya kwenye makorongo.

Kutoka Chimala kwenda Uyole baba alikuwa anaongea sana, halafu akaacha kuongea. Tulipoikaribia njiapanda nikapunguza mwendo bila kusema kitu. Lori moja lenye namba za Zambia lilikuwa mbele yetu, likanyoosha kwenda Mbeya na Tunduma. Mzee akalisindikiza kwa macho. Kisha akapiga dashibodi mara mbili kwa kiganja, kama utingo anavyopiga bodi kumruhusu dereva, akasema, "Kata kushoto, mwanangu."

Tukuyu ni mvua, migomba na chai. Mvua ilitupokea tunaingia na ikatuaga tunatoka. Daraja la Mungu msiliache, ni jiwe la volkano lililojikunja lenyewe juu ya mto Kiwira. Huko salamu ni "ugonile", na asante ni "ndaga". Ukisema ndaga kwa bibi muuza ndizi anakuongezea ndizi, nimejaribu mara tatu.

Halafu mnashuka, mnashuka, mnaingia Kyela kwenye mpunga na michikichi, makoti yanavuliwa moja moja. Mpaka Matema mko mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari, na jana yake mlikuwa mnatetemeka Kitulo. Tulifika saa kumi na moja jioni. Safu ya milima ya Livingstone inaangukia majini moja kwa moja upande wa kushoto, ng'ambo ni Malawi, mchanga ni wa kahawia, maji yametulia. Baba akakunja suruali, akaingia mpaka magotini, akachota maji kwa kiganja akaonja. Alikulia Tanga huyu. Akageuka kututazama, "Hayana chumvi!" Alikuwa anajua, kila mtu anajua, lakini kujua na kuonja ni vitu viwili.

Kaeni Matema usiku mbili au zaidi. Kuleni wali wa Kyela na mbasa, samaki wa ziwa hili, wa kuchoma, mlale ndani ya neti kwa sababu mbu wapo, na kabla watoto hawajaogelea muulizeni mwenyeji ni sehemu gani salama, maana mamba wapo pande za mitoni. Kodini mtumbwi mwende Ikombe, kijiji cha Wakisi wanakofinyanga vyungu. Tulimkuta mama mmoja amekaa chini ya mwembe, anakisugua chungu kibichi kwa kokoto laini mpaka kinang'aa, hana gurudumu wala mashine, anakizungusha kwa mkono tu mapajani. Jumamosi vyungu hivyo vinaletwa kwa mitumbwi kwenye soko la Lyulilo, karibu kabisa na Matema, na hapo ndipo baba alipochagua mtungi wake, baada ya kugonga kama ishirini kwa kucha na kuisikiliza milio, vilevile alivyokuwa akilisikiliza lile lori la Kitonga.

Alikataa usiwekwe kwenye buti. Aliupakata kutoka Matema hadi Iringa, na kesho yake Iringa hadi Dar. Sasa uko kwake, anaunywea maji, hataki ya friji.

Kwa hiyo hesabu ya siku tisa: Iringa, Njombe, Chimala, Matamba, Tukuyu, Matema mbili, mrudi mlale Iringa, mfike Dar. Kagueni tairi la spea na jeki kabla ya kutoka. Niambie mmepanga mwezi gani, nimpigie yule kijana mwongozaji wa Kitulo nimuulize hali ya barabara ya juu.