Plena ya bei nafuu: ninunue au niendelee na randa ya mkono?

Swali: Mimi useremala ni hobi tu, wikendi natengeneza stuli na shelfu. Mbao nanunua zilizotoka kwenye msumeno, hazijapigwa randa. Nikiunganisha tatu kwa gundi nipate uso wa meza, moja nene nyingine nyembamba, na kuna zinazocheza ukizilaza. Nimeona plena ndogo ya bei nafuu, mashine ya kupiga mbao randa zipate unene mmoja, ile ya kuweka juu ya meza. Itanisaidia?

Jibu: Ndugu yangu, hapo una matatizo mawili na plena inatibu moja.

Unene kutofautiana, hiyo ndo kazi yake hasa. Lakini ubao unaocheza ni ubao uliojisokota, na plena hainyooshi ubao, hili wengi wanaligundua wakiwa wameshanunua. Angalia inavyokula: rola zinaushika ubao zinaukandamiza chini, visu vinakata juu, ukitoka upande wa pili rola zikauachia unarudi kwenye mpindo wake ule ule, tofauti ni kwamba sasa umepinda na ni laini. Laza ubao kwenye meza iliyonyooka ubonyeze kona moja kwa kidole, ukisikia "tok" na kona nyingine ikanyanyuka, huo usiupitishe hivyo hivyo.

Nyoosha uso mmoja kwanza kwa randa ya mkono. Si lazima ung'ae, ukikaa bila kucheza inatosha, halafu uso huo ndo unalala chini na plena inausawazisha wa juu kuufuata. Au chukua plaiwudi nene iliyonyooka, ndefu kuliko ubao, laza ubao juu yake, pale penye mwanya tia kabari nyembamba uzigandishe kwa gundi, pitisha vyote pamoja, uso wa juu ukinyooka toa plaiwudi ugeuze ubao.

Sasa, ununue? Kwa mtu anayenunua mbao za msumeno na anafanya kazi karibu kila wikendi, mimi nasema nunua, mkono wako utapumzika na viungio vitakaa vizuri. Kama ni stuli mbili tatu kwa mwaka, peleka mbao kwa fundi mwenye mashine kubwa akupigie zote siku moja, unene mmoja. Na anayenunua mbao zilizokwisha pigwa randa haihitaji.

Ukinunua, usiwe na haraka. Hizi ndogo hata kama zinaandikwa zinakula milimita 3, kwenye ubao mpana wa mti mgumu toa nusu milimita kila mara, la sivyo mota inalemewa na nyuzi zinachanika. Mimi nachora mistari ya penseli ovyo ovyo juu ya uso mzima, mistari ikiisha yote najua visu vimegusa kila mahali, hapo nageuza. Pia zina tabia ya kuchimba ncha za ubao, kama sentimita 5 hadi 8 kila upande, kwa sababu hapo ni rola moja tu imeshika, kwa hiyo acha urefu wa ziada utakaokata baadaye. Kipande kifupi chini ya sentimita 30 usikiweke kabisa, kinaweza kurushwa.

Mbao za zamani kagua misumari kwa sumaku. Niliwahi kupitisha ubao wenye kichwa cha msumari kilichozama, kisu kikamegeka kidogo tu, na kila ubao baada ya hapo ukawa unatoka na mstari ulioinuka mwanzo hadi mwisho mpaka nilipobadili visu.

Kelele yake ni kali, vaa vizuia kelele masikioni kila ukiwasha, na andaa pa kuweka maranda maana ubao mmoja tu unajaza ndoo. Kabla hujalipa uliza visu vya akiba vya modeli hiyo hiyo, kama havipatikani iache hata kama bei inavutia.