Paka mzee, mgonjwa, kaachwa: nilivyomtafutia Kibogoyo pa kukaa

Jirani yangu wa mlango wa pili alipata uhamisho wa kikazi mwezi wa nne. Fuso ikaja alfajiri, ikabeba makochi, friji, ndoo, mpaka kamba za kuanikia nguo. Jioni narudi nyumbani namkuta paka wao kaketi kwenye ngazi, kaukodolea macho mlango wenye kufuli. Alikaa pale siku tatu.

Watoto wa mtaa hapa Chumbageni walikuwa wakimwita Kibogoyo, kwa sababu meno aliyobaki nayo yalikuwa ya kuhesabu na ulimi ulichungulia upande mmoja. Dume la rangi ya majivu, sikio limechanika, manyoya ya mgongoni yameshikana kama katani iliyolowa. Mate yalimtoka muda wote. Na maji alikuwa akinywa kwa namna ambayo sijapata kuona paka akinywa: anamaliza bakuli, halafu anahamia kwenye ndoo ya kufulia.

Mzee mwenye nyumba alikuwa na dawa yake, kichwa cha samaki na sumu ya panya. Nikamwambia, "Mzee wangu, hilo ni kosa, ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008." Alicheka mpaka akakohoa, lakini akanipa wiki mbili. Naandika kwa ajili ya yeyote aliyepewa wiki mbili kama mimi.

Kwanza tuliondoe hili la sokoni. Kila utakayemuuliza hapa Tanga atakwambia, "Si umpeleke Deep Sea tu, kule samaki kibao." Nilikwenda kwanza peke yangu kuangalia, na nashukuru nilifanya hivyo. Paka wa pale wana mashume wao, kila mmoja na eneo lake, na utumbo ukitupwa chini anayefika kwanza ni mwenye nguvu na meno. Paka mkongwe asiyeweza kutafuna atakufa njaa samaki wakiwa wamemzunguka. Anayekushauri umpeleke sokoni anakwambia umtupe, ila amelisema kwa adabu.

Pili, daktari, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa wengi wetu huanza kutangaza kabla ya kujua paka anaumwa nini. Huwezi kumwomba mtu abebe ugonjwa usioujua hata wewe. Nenda ofisi ya mifugo ya halmashauri, uliza ni daktari yupi anatibu paka na mbwa, maana wengine mazoea yao ni ng'ombe na kuku. Kibogoyo nilimbeba kwenye tenga la kuku nikalifunika kanga, tukapanda bajaji. Dereva aliniuliza kila kona kama huyo kuku ni mzima, mbona analia vile.

Daktari alifanya jambo ambalo na wewe waweza kulifanya nyumbani. Aliivuta ngozi ya katikati ya mabega kwa vidole viwili, akaiachia. Kwa paka mwenye maji ya kutosha mwilini ngozi hurudi papo hapo. Ya Kibogoyo ilisimama kama hema, ikashuka taratibu. Ngozi ya paka mzee huwa imelegea yenyewe, kwa hiyo akagusa na ufizi, akaukuta unanata. "Huyu kakauka," akasema. "Anakunywa sana, lakini figo haziyashiki maji." Alipomfungua Kibogoyo mdomo, harufu ilinirudisha nyuma hatua mbili. Jino la nyuma lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi. Kwa umri alimkadiria miaka 13, ambayo kwa hesabu yao ni kama binadamu wa miaka 68.

Damu ikapimwa, ikathibitisha: figo. Figo za paka zikishachakaa hazirudi kuwa mpya, ila anaweza kuishi nazo miezi, pengine miaka, akisaidiwa. Aliwekewa maji chini ya ngozi kwanza, akapata nguvu, jino likang'olewa baadaye. Dagaa wakavu tukakatazwa kwa sababu ya chumvi. Badala yake nikawa nachemsha mnofu wa kuku au samaki mbichi bila chumvi wala kitunguu, nausaga, namwachia na mchuzi wake ili apate maji ndani ya chakula. Vipo vyakula maalumu vya paka wenye figo mbovu. Mimi niliagiza Dar, vikaja kwa basi, na bei yake ilinifanya nikae chini.

Sasa onyo, na hili nalisema kwa sauti. Usimpe paka Panadol. Shangazi yangu alikuwa ameshaivunja nusu, kwa nia njema kabisa. Ini la paka haliwezi kuivunjavunja dawa ile, na kidonge kimoja chatosha kumuua. Vivyo hivyo dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini. Na paka akisusa chakula siku mbili, usingoje ya tatu, mrudishe kwa daktari. Akikung'ata wakati wa kumshika, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa hakichagui mbwa peke yake. Kibogoyo tulimchanja mara alipopata nafuu, na ile kadi ya chanjo ilikuja kunifaa kuliko maneno yangu yote.

Basi nikatangaza. Tangazo la kwanza niliandika usiku, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, nikiwa na machozi: "Jamani paka huyu maskini katelekezwa, anateseka, mwenye huruma amwokoe." Nikaweka na picha ya mdomo wenye kidonda. Nilipata vikatuni vya kulia visivyo na idadi. Watu watatu wakanikumbusha ile hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila kumlisha. Hakuna hata mmoja aliyekuja na tenga.

La pili niliandika mchana, tumbo likiwa limeshiba: "Paka dume, umri kama miaka 13, amehasiwa, amechanjwa. Figo zake dhaifu, hazitapona. Anakula chakula laini mara tatu kwa siku, anakunywa na kukojoa sana, anatumia boksi la mchanga. Hakamati panya. Hupenda kukaa karibu na mtu anayefanya kazi. Daktari na dawa nalipa mimi. Natafuta mwenye nafasi na muda." Picha nilimpiga barazani, jua la asubuhi likimwangaza.

Huruma humfanya mtu aguswe, kisha aogope. Kazi ikiandikwa wazi, kila mtu anaweza kuipima na kuona kama ataiweza. Waliopiga simu walikuwa wachache, lakini waliuliza maswali ya maana: boksi linamwagwa mara ngapi, akitapika nifanye nini. Wapo na wa ajabu. Mwenye duka la mchele alimtaka kwa ajili ya panya, licha ya tangazo. Panya wenyewe wangemwonea haya. Mwingine alidai yuko Dar, atamchukua, nimtumie nauli kwanza. Nikamwekea simu chini.

Vituo nilivyovijua vya kulelea wanyama viko mbali, Dar es Salaam, Arusha, Unguja. Nilipiga simu. Walionijibu walikuwa waungwana, lakini wamejaa, na paka mzee mgonjwa ni wa mwisho kwenye foleni kila mahali. Tena Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350. Paka mwenye figo mbovu ndani ya basi lenye joto si mzigo wa kusafirisha kwa kubahatisha.

Kilichotufaa ni kuacha kutafuta mtu mmoja wa kubeba kila kitu. Aliyejitokeza alikuwa bibi mmoja wa Ngamiani, barabara ya 12, anayepika vitumbua. "Mimi pesa sina, mwanangu," alisema, "lakini niko nyumbani kutwa." Kijana anayepita mitaani na baiskeli kuuza samaki akakubali kumwachia mnofu kila anapopita, hata kama ni kipande cha vidole viwili. Mimi nikachukua daktari, dawa, na kwenda kumwona kila Ijumaa. Muulize mtu anachoweza kukitoa, nafasi au pesa au miguu, na umwombe hicho tu.

Kabla ya kumkabidhi tulikaa barazani kwa bibi tukasemezana waziwazi. Akisusa chakula nani anapigiwa simu? Siku ya kumpumzisha moja kwa moja kwa sindano ya daktari ikifika, nani anasema ndiyo? Bibi aliniangalia. "Tutasema wote wawili, na daktari wa tatu. Nisiachiwe peke yangu." Swali hilo ni zito, na lisipoulizwa mapema mwenzako atakuja kuulizwa na daktari, akiwa peke yake, usiku.

Siku ya kumpeleka nilimpa na ile kanga ya kwenye tenga, bila kuifua, ili akute harufu aijuayo. Alifungiwa chumba kimoja wiki mbili. Ukimwachia mlango wazi mapema atarudi kwenye ngazi zile za Chumbageni. Bibi alipomfunua mara ya kwanza alisonya. "Ndiye huyu? Mbona kakonda hivi, hamkumlisha nyie?" Akamkunja mapajani, akaendelea kupepeta mchele.

Juzi simu ililia saa kumi na moja alfajiri. Nikaona jina lake, moyo ukanidondoka.

"Shikamoo bibi. Kuna nini?"

"Marahaba. Huyu mzee mwenzangu kakojolea ungo wangu wa mchele."

"Amekula?"

"Kala, tena kamaliza. Ijumaa njoo na ungo."

Nimeshaununua, soko la Mgandini.