Muulize Anti: Wenzangu walianza zamani, mimi ndo kwanza naanza

Anti shikamoo. Nina miaka 20, nasoma kozi ya kutengeneza programu za kompyuta, darasani wasichana tuko wanne tu wengine wote wavulana. Shida yangu wala sio masomo yenyewe, ni kwamba mwalimu akiuliza swali, kabla hajamaliza kuna jamaa wawili watatu washajibu tena kwa maneno ambayo hata hatujafundishwa, basi mimi nanyamaza narudi nimejiona bure kabisa. Nawaza nihame kozi. Hivi hii kazi kweli ni ya wanawake?
Msichana wa nne

Marahaba binti yangu. Hao jamaa walianza lini kugusa kompyuta? Hebu wachunguze, utakuta wengi wameanza wadogo, kaka au mjomba alikuwa na kompyuta wakaachiwa waichokonoe mpaka usiku, wewe umeanza siku kozi ilipofunguliwa. Sasa unachukua tuseme miezi yako mitano unaipima na miaka yao minane halafu unajiita bure, hesabu gani hiyo?

Na sikufariji tu. Chuo cha Carnegie Mellon kule Marekani mwaka 1995 wasichana walioingia kusoma sayansi ya kompyuta walikuwa asilimia 7, kufika 2000 wakawa asilimia 42. Walichofanya, waliacha kuupa uzito mkubwa uzoefu wa kompyuta wakati wa kuchagua wanafunzi, na wakaweka madarasa tofauti ya kuanzia, yaani ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa kodi (ya kompyuta jamani, sio ya nyumba) anaanza na wenzake wa aina yake na mzoefu anaanzia mbele, halafu huko mbele wanakutana.

Ni kazi ya wanawake? We mtoto, ENIAC, kompyuta kubwa ya Wamarekani iliyotambulishwa kwa watu mwaka 1946, waliokuwa wanaipangia kazi walikuwa wanawake 6, wakati huo haina hata lugha ya programu, ni kuhamisha nyaya na swichi kwa mkono. Siku ya kuitambulisha hawakutajwa! Grace Hopper naye, mwanamke wa Kimarekani, mwaka 1952 alikuwa na kompaila yake ya kwanza, yaani programu inayogeuza maagizo ya mtu kuwa lugha ya mashine. Na hukohuko Marekani mwaka 1984 karibu asilimia 37 ya waliohitimu digrii ya sayansi ya kompyuta walikuwa wanawake, baada ya hapo ikashuka. Miaka hiyo ndo kompyuta za nyumbani zilikuwa zinatangazwa kama midoli ya wavulana, zikanunuliwa kwa ajili yao, wakafika chuo wameshazoea. Hao wawili watatu wa darasani kwako hawajaanza leo.

Kuhama usihame kwanza. Nyie wanne tafuteni jioni moja kwa wiki, kila mtu aje na erro (kosa kwenye programu yake) iliyomshinda, mtashangaa zinafanana. Mwalimu mfuate pembeni umuombe akiuliza swali asubiri kidogo ndo achague wa kujibu, wengi hawajui tu wanachofanya. Django Girls, kundi linalofundisha wanawake kutengeneza programu, wana somo lao bure mtandaoni, limeandikwa kwa mtu asiyejua chochote, unatoka na blogu yako mwenyewe inafanya kazi. Ukishakomaa kidogo watafute Outreachy, ni mafunzo kazini ya miezi mitatu, unafanyia sofwea huria (programu ambazo kodi yake iko wazi kwa yeyote) ukiwa popote ulipo na unalipwa.

Anti mambo. Naongoza timu ya madevelopa (watengeneza programu) 9, wote wanaume. Tukitangaza nafasi wanawake hawaombi kabisa, tufanyeje? Tuliwahi kuwa na dada mmoja ila aliacha baada ya miezi saba.
Kiongozi wa timu

Poa kaka. Tangazo mlilonitumia nalo lina mambo yake, mnadai uzoefu wa miaka 5 kwa kazi ambayo mtu wa miaka 2 anaiweza, na vitu kumi na nne mfululizo eti lazima, wakati hao tisa wenyewe sidhani kama kuna anayevijua vyote. Punguzeni.

Ila swali lako lenyewe umeliweka mkiani. Huyo dada aliondoka kwa nini, mlimuuliza? Acha nibahatishe: vikao vyote yeye ndo anaandika muhtasari, wazo lake linapita kimya, dakika tano baadaye mwanaume analirudia mnaitikia, kodi yake ya kompyuta inakaguliwa kwa maneno ambayo nyie kwa nyie hamsemeshani. Inawezekana nimekosea lakini wewe huna jibu lingine maana hukuuliza. Sasa ukimleta mwingine leo atadumu miezi mingapi?

Mpigie simu. Usimbembeleze arudi wala usijitetee, muulize tu ilikuwaje kisha unyamaze mpaka amalize. Tangazo mtaliandika baada ya hapo.