Baiskeli njia za shamba Pemba: maswali yenu nayajibu hapa

Assalamu alaykum jamaa. Maswali yamekusanyika na wengine mmeshaanza kulalamika nimekaa kimya, bas leo nayajibu yale niloona yanawahusu wengi, anaeona lake halimo avute subira.

Swali: Ndugu yangu anaishi Marekani, jimbo la New York, kila wiki ananirushia picha anaendesha baiskeli njia za changarawe, vilima, maziwa, mashamba ya zabibu. Mie niko Chake. Sie huku tuna kitu cha namna hiyo au tubaki kutizama simu tu?

Yakhe tunacho, na wallahi nakwambia kwa moyo wote. Huko anakopita ndugu yako naona ni Finger Lakes, maziwa 11 membamba marefu yamejipanga kama vidole vya mkono ndo maana yakaitwa hivo. Zamani hizo barafu nene ilifunika nchi ile yote, ikawa inasogea pole pole inachimba mabonde ya mito yaliyokuwepo, ilipoyeyuka mabonde yakajaa maji, na ziwa moja wanaliita Seneca lina kina kinafika kama mita 188. Sasa maji mengi hivo hayapoi haraka, yanaweka joto, ndo mizabibu ya kwenye miteremko ya kando ikaweza kuhimili baridi ya kule.

Pemba barafu haijapita, vilima vyetu vimechongwa na mvua na vijito kwenye udongo, na ndo maana huku upande wa magharibi ukimaliza kilima unakuta chengine kinakusubiri, virefu si virefu, havifiki hata mita 150, lakini havina huruma. Badala ya ziwa tuna hori, bahari inaingia ndani ya nchi na mikoko yake, Chake yenyewe imekaa mwisho wa hori. Na badala ya zabibu (anaetaka zabibu aende Dodoma) tuna mikarafuu. Hiyo mikarafuu nayo ina kisa chake, mwaka 1872 kilipiga kimbunga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kule, Pemba ikasalimika, toka hapo karafuu ikawa ni Pemba. Kwa hivo ukipita njia ya shamba asubuhi mapema, umande haujakauka, na ile harufu imetanda, mrushie na wewe ndugu yako picha. Harufu tu ndo hutoweza kumrushia.

Swali: Mjomba, baiskeli yangu Phoenix haina giya. Vilima vya njia za ndani nashuka nakokota kila mara, nauza ninunue ya giya?

Usiuze mwanangu. Hizo Phoenix nyingi zinakuja na fri-wili ya meno 18 nyuma, na ya mbele meno kama 46, hiyo ni ya nchi tambarare, ya mtu wa Makunduchi. Nenda kwa fundi mwambie akutafutie fri-wili ya meno 22. Cheni itataka kuongezwa pingili kidogo na gurudumu la nyuma lisogezwe, kazi ya nusu saa, na utaona kilima kile kile kinapandika umekaa kwenye siti. Utapoteza mbio kidogo barabara ya lami lakini wewe unataka kupanda, hutaki mashindano.

La pili ni upepo na hapa ndo watu wengi wanakosea. Mtu anajaza upepo mpaka mpira unakuwa jiwe, afu anashangaa kwenye kifusi baiskeli inaruka ruka na nyuma inateleza. Mpira mgumu hauikamati njia. Kama una zile baiskeli za mipira minene ya inchi 26 kwa 2.1, na wewe ni mtu wa kilo 70 hivi, upepo wa psi 30 mpaka 35 kwenye geji unatosha kabisa, huna geji bonyeza kwa dole gumba, ukubali kuingia kidogo. Mipira myembamba ya Phoenix hiyo usilegeze sana maana ukigonga jiwe tyubu inabanwa na rimu na unapata matundu mawili kwa mpigo, yamekaa sambamba kama kaumwa na nyoka.

Na kuteremka jamani, rimu ya chuma ikirowa breki haishiki, hilo nnawaambia kila siku. Anza kubana kidogo kidogo mapema kilima hakijaanza, ile raba ifute maji kwanza, ndo ukihitaji breki utaipata.

Swali: Msimu wa karafuu watu wanaanika mpaka pembeni mwa njia. Tupite wapi sie wa baiskeli?

Shuka. Sina jibu jengine. Ile karafuu kwenye jamvi mtu kapanda mti kwa roho yake, kachuma kikonyo kwa kikonyo kabla ua halijafunguka, usiku wamekaa nyumba nzima watoto na mabibi wanachambua makonyo chini ya taa, na bado inataka siku nne tano za jua kali mpaka iwe kahawia iliyoiva na ukiivunja ikatike ka! Ikirowa tu inaharibika inakuwa mpeta, bei inaanguka. Sasa wewe unapita na mpira una tope unamrushia vumbi na mchanga. Shuka, kokota, toa salamu. Na ukiona wingu linakuja na mama yuko peke yake anakusanya, laza baiskeli umsaidie kukunja jamvi, dakika tano hazikupunguzii kitu. Mie nilikunja jamvi moja kule njia ya Ziwani, mikono ilinuka karafuu mpaka kesho yake, na nilikunywa chai kwenye nyumba ile kama mtoto wa pale.

Swali: Mimi ni mwalimu wa skuli, mwanamke, nataka kuanza baiskeli lakini baibui linanitia khofu.

Dada yangu khofu yako ina msingi, baibui likiingia kwenye cheni linakutupa. Tafuta baiskeli ya kike ile isokuwa na bomba la juu, zipo nyingi za mtumba kutoka Japani, na uhakikishe ina kava ya cheni nzima na kile kiwavu au plastiki ya kufunika spoku za nyuma. Ndani vaa suruali, baibui lipandishe lifunge na mkanda kiunoni au pini upande wa cheni. Anza jioni baada ya alasiri kwenye kiwanja cha skuli wiki moja, afu njia ya kwenda kazini. Maneno ya watu yatakuwepo, bibi yangu alisemwa kwa kusoma, sembuse baiskeli.

Swali: Cheni naitia oili chafu ya gari, mbona inaliwa haraka?

Kwa sababu ya hiyo hiyo oili. Nzito, inakamata vumbi jekundu inakuwa msasa, inasaga meno. Osha cheni na mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, ikauke, tia mafuta ya cherehani tone moja kila pingili, zungusha, afu futa yote ya nje na kitambaa. Masika rudia kila ukirudi na tope.

Swali: Tunataka kwenda Ngezi mpaka mnara wa taa ya meli wa Ras Kigomasha vijana sita, tunatokea Konde. Tujiandae vipi?

Safari nzuri hiyo, mmechagua. Sali alfajiri mtoke, msingoje jua. Msitu wa Ngezi una kivuli na njia inapita katikati ya miti mikubwa, pale penye ofisi ya msitu simameni mtoe salamu muulize utaratibu, na humo ndani msipige kelele, angalieni mipapindi, ile miti ya jamii ya mnazi yetu wenyewe Pemba. Mkitoka msituni mkishuka pwani ya Vumawimbi mchanga ni laini, punguzeni upepo au kokoteni. Mnara ni wa chuma, umejengwa mwaka 1900, na upepo wa pale unakausha jasho mara moja. Machi mpaka Mei msiende, ni masika.

Kila mtu maji lita 2 au 3. Kwa kundi: tyubu mbili, viraka, solesheni, pampu moja nzima (ijaribuni nyumbani!), vijiko viwili vya kung'olea mpira. Na mkipata pancha kabla hamjarudisha tyubu pitisheni kidole ndani ya mpira mzunguko mzima, pole pole, maana mwiba wa mdimu unabaki mle mle ncha tu haionekani, na mtaziba na kuziba tena mpaka solesheni iishe.