Nilinukuu Mara 14 Kitabu Kimoja cha 1954

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Shikamoo kaka. Msimamizi kanirudishia pendekezo la utafiti mara ya pili. Anadai nanukuu wasomi wa zamani mno kuhusu filamu na katuni za Marekani. Kwani ukweli nao unachacha?"

Nilicheka, kisha kicheko kikakatika. Swali hilo mimi lilinikuta mbele ya jopo, nimefunga tai ya kuazima.

Tasnifu yangu ilihusu vitabu vya katuni vya Marekani na tabia za vijana. Nguzo yangu ilikuwa Fredric Wertham, daktari wa akili wa New York, ambaye mwaka 1954 alichapisha kitabu kinachodai kwamba katuni zinawaingiza watoto kwenye uhalifu. Mwaka huohuo alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti, na wachapishaji kwa hofu wakajiwekea kanuni za kujichuja. Wala hakuwa mbabaishaji. Mwaka 1946 alifungua kliniki Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, kwa ajili ya watu waliokosa pa kutibiwa, na ushahidi wake juu ya madhara ya kutenga shule kwa rangi ulifika mahakamani. Mtu kama huyo unamtiliaje shaka? Mimi nilimnukuu mara 14.

Mama mmoja wa jopo, mpole kabisa, akauliza: "Umemsoma Carol Tilley?" Sikuwa hata nimemsikia.

Basi akanieleza mbele ya watu. Majalada ya Wertham yako Maktaba ya Bunge la Marekani, na mwaka 2010 watafiti waliruhusiwa kuyafungua. Tilley, wa Chuo Kikuu cha Illinois, akayalinganisha na kitabu, na mwaka 2012 akachapisha alichokikuta: umri wa watoto umebadilishwa, maneno yao yamepindishwa, matatizo mengine ya maisha yao yameachwa ili lawama ibaki kwa katuni. Tai ilinibana. Nikaambiwa nirudi baada ya mwaka. Nyuma kuna mwenzangu alicheka, nilimsikia. Siku hizi ananitumia rasimu zake nimsomee, na ninamsomea.

Mwaka wenyewe nauruka, ulikuwa wa maktaba na mihogo. Ila huko ndiko nilikogundua kwamba katuni zilikuwa sehemu tu ya tatizo langu. Nilikuwa nimeandika pia kwamba mwaka 1938 mchezo wa redio wa Orson Welles kuhusu wavamizi wa kutoka Mars uliitia Marekani nzima kiwewe. Kumbe usiku ule nyumba 5,000 zilipigiwa simu kuulizwa zinasikiliza nini, na zilizotaja mchezo ule zilikuwa kama 2% tu. Magazeti, ambayo redio ilikuwa inayanyang'anya matangazo, ndiyo yaliyoukuza moto.

Kwa hiyo mdogo wangu, angalia mwaka. Halafu angalia mwandishi alikuwa anaogopa nini. Adorno na Horkheimer, wanafalsafa wa Kijerumani waliosema utamaduni wa Marekani umegeuka kiwanda na mtazamaji anamezeshwa tu, walikuwa wamemkimbia Hitler na walijua redio ilivyomtumikia. Hofu yao ina maana. Lakini watazamaji wenyewe hawakuwauliza.

Janice Radway, mtafiti wa Kimarekani, aliwauliza. Kitabu chake cha 1984 kinawasikiliza wanawake wa Marekani wasomaji wa riwaya za mapenzi, zile zinazodharauliwa, nao wanamwambia kwamba saa ya kusoma ndiyo saa pekee ambayo mume na watoto hawawadai kitu. Niliposoma hapo nilimkumbuka shangazi yangu wa Tanga na tamthilia yake ya Kimarekani ya saa moja jioni. Kiingereza hakijui, hadithi anajitungia, na ole wako umwombe chai. Miaka yote nilimwona anapotezwa na Wazungu! Mtoto wa kaka yake, msomi, sikuwahi kumuuliza anaona nini pale.

Vijana mnapenda jina kubwa litangulie na mawazo yenu yafuate nyuma. Acheni. Angalieni mwaka, narudia, angalieni mwaka, kisha tafuteni aliyekuja baadaye kumkagua huyo mkubwa wenu.

Huyu wa Morogoro nimemwambia kabla ya kumrudia msimamizi akakae na wasomaji wanne wa katuni hapohapo mtaani, awasikilize bila kuwahubiria. Amenijibu kwa kidole gumba. Nasubiri.