Uliza Mwalimu: Mtaala wa sayansi ya dunia kwa watoto wanaosomea nyumbani

SWALI

Mwalimu, pokea salamu zetu kutoka Nakuru. Mimi na mume wangu tunawasomesha watoto wetu wawili nyumbani, binti wa miaka 14 na mdogo wake wa kiume wa miaka 12. Hisabati na lugha hazitusumbui, lakini sayansi ya dunia imetulemea. Tulinunua kitabu cha Kimarekani chenye picha za kupendeza, ila tumefika sura ya nne na watoto wamekwisha kuchoka. Juzi binti yangu aliniuliza, "Mama, sura nzima inazungumzia theluji, sisi tutaipimia wapi?" Nikakosa la kumjibu. Sasa ninafikiria kuandika mtaala wetu wenyewe, ingawa mimi nilisomea uhasibu na si ualimu. Je, nianzie wapi, nifuate mpangilio gani, na nitawafundishaje wote wawili pamoja bila mkubwa kujiona anarudishwa nyuma?

Mama wa Wawili, Nakuru

JIBU

Mama wa Wawili, salamu zako zimepokelewa. Kitabu chako usikitupe, lakini kiondoe mezani ukiweke rafuni, kiwe cha kurejelewa pale mtakapohitaji maelezo ya jambo mliloliona wenyewe. Kosa lake ni kwamba kiliandikwa kwa mtoto anayeishi mahali pengine. Viwango vya Marekani vilivyotolewa mwaka 2013, ambavyo vitabu vingi vya huko huvifuata, huigawa sayansi ya dunia ya rika la wanao katika mafungu matatu: nafasi ya dunia katika ulimwengu, mifumo ya dunia yenyewe, na uhusiano wa dunia na shughuli za binadamu. Mgawanyo huo ni mzuri na unaweza kuuchukua ulivyo. Mifano ndiyo ya kubadilisha, na wewe unaishi Nakuru, katikati ya Bonde la Ufa, mahali ambapo wanajiolojia hupanda ndege kuja kupaona.

Kuhusu mpangilio, ushauri wangu ni kwamba ufuate kalenda ya mahali mlipo kuliko mfuatano wa sura. Muhula wa kwanza uwe wa anga na mvua, kwa sababu mwezi wa Machi jua hupita juu ya ikweta na masika huanza. Muhula wa pili uwe wa miamba, na wa tatu, ambao ni mfupi, uwe wa binadamu na ardhi yake. Vipindi viwili kwa wiki vya saa moja na nusu vinatosha, pamoja na Jumamosi moja kwa mwezi ya kutoka nje. Zaidi ya hapo utachoka wewe kabla yao.

Anzeni na fimbo. Isimikeni wima uani, iwe na urefu wa mita 1 juu ya ardhi, kisha kila wiki watoto waweke alama penye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi, kuanzia saa sita kamili hadi saa saba mchana. Watagundua mambo mawili ambayo kitabu chenu hakiwezi kuwaambia. La kwanza ni kwamba kivuli kifupi kuliko vyote hakitokei saa sita kamili, bali kati ya saa sita na dakika ishirini na saa sita na dakika hamsini, kutegemea mwezi. Hapo ndipo binti yako apewe kazi yake: saa ya Kenya hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, inayopita karibu na Mogadishu, ilhali Nakuru iko kwenye digrii 36. Tofauti ni digrii 9, na kwa kuwa jua huonekana kuvuka digrii 1 kwa dakika 4, jua letu la utosini huchelewa kwa takriban dakika 36. Dakika zinazobaki, zinazopungua na kuongezeka mwaka mzima, zitampeleka mwenyewe kwenye habari ya njia ya dunia kulizunguka jua.

Jambo la pili ni mwelekeo. Kwa kuwa mko kusini kidogo tu mwa ikweta, karibu na tarehe 20 Machi kivuli cha adhuhuri kitakaribia kutoweka. Mwezi wa Juni kitalala upande wa kusini kwa sentimita 44 hivi, na mwezi wa Desemba kitageuka kulala kaskazini kwa urefu unaokaribia huo huo. Mtoto aliyekiona kivuli kikihama upande hana haja ya kukariri kwamba mhimili wa dunia umeinama. Waonyeshe vilevile mwezi mwandamo, ambao katika vitabu vya ng'ambo huchorwa umesimama kama mundu, ilhali kwetu mara nyingi hulala chali kama dau. Waulize kwa nini, na usiwape jibu siku hiyo hiyo.

Kwa mvua, kateni chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka, mpindue sehemu ya mdomo iwe faneli, na mpime kila asubuhi saa tatu kwa rula. Kitakachowashinda watoto si kupima, ni kupima kila siku. Siku waliyosahau iandikwe kuwa wamesahau. Namba ya kubuni katika daftari ni uharibifu mkubwa kuliko nafasi tupu, na wewe mhasibu huhitaji kuelezwa hilo.

Muhula wa miamba ndio mtakaoufurahia zaidi. Kabla ya kwenda popote, kagueni nyumba yenu. Ikiwa ukuta umejengwa kwa mawe ya kukata ya kijivu, huenda likawa ni jivu la volkano lililogandamana. Tazameni kwa kioo cha kukuzia na mtaona vipande vya mawe mengine vilivyonaswa ndani yake. Jiwe jepesi lenye matundu mnalosugulia visigino bafuni ni povu la lava lililoganda, na ndiyo maana likitiwa katika beseni huelea. Obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa kama kipande cha chupa, hupatikana katika milima ya Eburru, na watu wa kale waliitafuta kwa ajili ya kutengenezea visu. Makali yake si mchezo, kwa hiyo kijana wako ashike kwa glavu. Wayapange mawe yote kwa namna wanayoona wao inafaa, kwa rangi, uzito au ugumu, na baada ya wiki mbili ndipo muwaletee mafungu ya wataalamu, yaani miamba ya moto, miamba tabaka na miamba geuzi, ili waone ni wapi mpango wao ulipishana na huo na kwa sababu gani.

Kisha mpande Menengai. Watu wengi husimama pale ukingoni wakidhani wanatazama mdomo mkubwa wa volkano, kumbe wanatazama paa la mlima lililoporomoka baada ya magma iliyokuwa chini yake kutoka. Shimo hilo, ambalo wataalamu huliita kaldera, lina urefu wa karibu kilomita 12 na upana wa karibu kilomita 8. Usiku uliotangulia safari lifanyeni jikoni: puto lililofungwa kwenye mrija wa mpira lizikwe ndani ya karai la unga, sehemu ya juu isawazishwe kwa kiganja, kisha mtoto aachie hewa itoke polepole. Unga utapasuka kwa duara, halafu katikati patadidimia, kuta zikibaki zimesimama. Tulifanya hivyo darasani miaka mingi, na kila mwaka alikuwapo mwanafunzi aliyeomba unga usisongwe ugali hadi wenzake waje kuuona.

Msiishie kwenye mambo yaliyokubaliwa na wote. Mwezi wa Machi mwaka 2018, baada ya mvua kubwa, ufa ulifunguka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Habari zilienea duniani kwamba Afrika inapasuka vipande viwili mbele ya macho yetu. Wanajiolojia kadhaa walipinga, wakieleza kwamba udongo wa pale ni jivu la volkano ambalo maji hulila kutoka chini hadi sehemu ya juu inaporomoka. Mpe binti yako habari zote mbili pamoja na takwimu moja: mabamba mawili ya gamba la dunia yanayoachana katika Bonde la Ufa hutengana kwa milimita chache kwa mwaka, zisizozidi 7 hivi, wakati ukucha wa kidole cha mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi. Akichukua ufa wenye upana wa, tuseme, mita 10 na kuugawanya kwa milimita 7 atapata zaidi ya miaka 1,400, naye ataamua mwenyewe kama usiku mmoja wa mvua unaweza kuifanya kazi hiyo. Hata hivyo asidhani kwamba bonde limelala, kwa maana tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ukubwa wa 6.9 liliitikisa Subukia, si mbali na kwenu.

Muhula wa tatu sina mengi ya kuongeza, kwa kuwa somo liko mlangoni penu. Ziwa Nakuru limekuwa likipanda tangu mwaka 2010 hivi, likafunika lango kuu la zamani la hifadhi na kuwahamisha majirani, na flamingo wengi wakaenda maziwa mengine baada ya maji kupungua magadi na mwani wanaoula kuadimika. Watoto waandike kila kinachoingiza maji ziwani na kila kinachoyatoa, kisha wajibu swali hili: Ziwa Nakuru halina mto unaotoka, na Naivasha pia haina, mbona moja ni la magadi na jingine lina maji baridi? Jibu liko chini ya ardhi, kwa sababu Naivasha huvuja kupitia miamba na kuchukua chumvi yake huko. Mkipata nafasi ya kwenda Hell's Gate, mtapita karibu na Olkaria, ambako kituo cha kwanza cha umeme wa mvuke wa ardhini nchini Kenya kilianza kazi mwaka 1981.

Kuwafundisha wawili pamoja si vigumu endapo utawapa jambo moja la kutazama na kazi mbili za kuandika. Mdogo apime, achore na aeleze alichokiona. Mkubwa akokotoe, alinganishe na atetee hoja. Kila mmoja awe na daftari lake lenye tarehe, saa, mahali, kipimo na sentensi moja ya "nadhani". Kila mwisho wa muhula wasome tena hizo "nadhani" na kusahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, bila kufuta ya awali. Hilo ndilo litakuwa kipimo chako cha maendeleo, na binafsi naliamini kuliko jaribio la kuchagua a, b, c.

Mambo mawili ya ofisini. Ikiwa mnakusudia wafanye mtihani wa taifa wa mwisho wa Gredi ya 9, chukueni mapema miongozo ya mtaala ya KICD, taasisi ya taifa ya ukuzaji wa mitaala, na mkumbuke kwamba mada nyingi za sayansi ya dunia zimewekwa katika somo la Jamii, si katika Sayansi Jumuishi pekee. Pia muulizie mapema katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kuhusu usajili na kituo cha kufanyia mtihani. Na kwa kuwa mtihani huo ni wa Kiingereza, waeleze kwa Kiswahili hadi waelewe, halafu istilahi za Kiingereza ziandikwe nyuma ya daftari.

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Sisi tuko Mombasa, hatuna volkano wala Bonde la Ufa. Mwanangu ana miaka 13 na anasomea nyumbani. Sayansi hiyo nitaianzia wapi?

Baba Salma, Mombasa

JIBU

Marahaba, Baba Salma. Mlicho nacho ninyi watu wa bara hawanacho. Anzeni na maji kujaa na kupwa. Salma apigilie ubao wenye alama za sentimita kwenye gati au nguzo yoyote mtakayoruhusiwa, asome kimo cha maji kila baada ya nusu saa kwa siku nzima, kisha arudie baada ya wiki moja. Ataona kwamba wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Pia kwamba maji kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Akiandika pembeni umbo la mwezi wa kila usiku, baada ya mwezi mmoja ataona uhusiano wake bila wewe kusema neno. Wavuvi wa mtaani kwenu watamsaidia kuliko mimi, na vilevile katika habari za pepo za kusi na kaskazi.

Kwa miamba, nendeni Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe na kwa mawe ya matumbawe hayo hayo. Atazame kuta kwa karibu, atafute maganda ya viumbe wa baharini, na ajiulize mwamba uliotengenezwa chini ya maji umefikaje juu ya usawa wa bahari. Kuta za ngome msiziguse. Jiwe la matumbawe lililookotwa mahali pengine mlidondoshee siki nyumbani, mtaona linatoa mapovu. Siku nyingine mwende machimbo ya zamani ya saruji kule Bamburi, ambako mivinje ilianza kupandwa miaka ya 1970 juu ya mwamba mtupu, achimbue kiganja cha udongo na kupima umepata kina gani tangu hapo. Ubao wa maji muuanze siku ya pili baada ya mwezi kuandama, bamvua ikiwa kali, ili tofauti ya kwanza atakayoiandika iwe kubwa.