Klematisi yangu imelala chini

SWALI: Novemba nilipanda klematisi ya bluu, Clematis integrifolia, mmea wa maua, hapa Embakasi. Niliambiwa haitambai, husimama kama kichaka. Sasa mashina yamelala na majani ya chini yamegeuka manjano. Nitie mbolea? – Msomaji, Embakasi

JIBU: Mbolea usitie kabisa kwa sasa. Umanjano unaoanzia chini, kwenye udongo mweusi wa pamba kama wa kwenu, mara nyingi hutokana na maji kutuama. Fukua pembeni taratibu, uvute mzizi mmoja kwa vidole. Mzizi mzima ni mgumu na wa hudhurungi. Uliooza ni mweusi, ganda lake huvuka na kukuachia kiuzi mkononi.

Wengi huchimba shimo, wakalijaza udongo mwekundu na samadi, wakadhani wamemaliza. Udongo mweusi unaolizunguka haupitishi maji upesi, kwa hiyo mvua ikinyesha shimo hugeuka beseni. Inua tuta badala yake: upana mita 1, kimo sentimita 30, kwa madebe matatu ya udongo mwekundu, debe moja la samadi iliyooza vizuri na moja la mchanga mnene. Ng'oa mche, kata mizizi iliyooza, uupande juu ya tuta, shingo yake, yaani shina linapokutana na mizizi, ikilingana na uso wa udongo. Tandaza nyasi kavu, lakini zisiguse shina.

Kulala kwa mashina si ugonjwa. Aina hii hufika sentimita 60 hadi 90 na shina lake ni jembamba; vikonyo vya majani yake havijisokoti kwenye waya kama vya klematisi zinazotambaa, hivyo ukiiegemeza ukutani haitashika. Kivuli na samadi nyingi huzidisha ulegevu. Iweke penye jua angalau saa sita kwa siku. Machipukizi yakifika sentimita 20, simika vijiti vinne kuuzunguka mche, uzungushe kamba ya katani kwenye kimo cha sentimita 25 na tena 45. Ukingoja mpaka yalale, utayavunja ukiyainua.

Kupogoa ndiko kunakosahaulika Nairobi. Ulaya baridi kali huua mashina kila mwaka. Hapa hayafi, basi mmea hubeba mashina makuukuu yenye maua machache nchani. Maua huja kwenye machipukizi mapya. Mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, kata yote ubakize sentimita 15, juu kidogo ya jozi ya macho ya kuchipulia yaliyovimba. Vaa glavu: utomvu wake huwasha ngozi.